Lebo ya Betri na Msomaji Wake

Lebo ya betri ni andiko fupi mno: neno moja kubwa, picha, namba tatu au nne, alama za onyo, kibandiko cha tarehe. Sisi tuliozoea kutenganisha fani na maudhui tunaposoma riwaya na tenzi ni nadra kuinamia andiko la namna hii. Mimi naona linastahili. Limeandikwa kwa ustadi, linasomwa na watu wasiofungua diwani hata moja kwa mwaka, na mpangilio wake peke yake unatosha kumfanya mtu mwenye akili timamu anunue kitu asichokihitaji.

Betri ninayoizungumzia ni ile ya kuendeshea mota ndogo ya umeme kwenye boti ya kuvulia samaki, na lebo yake naisomea Sterling, Virginia, magharibi ya Washington. Mahali hapa panaupa usomaji huu uzito. Ukitoka barabara ya Route 7 ukaelekea kaskazini unafika Algonkian Regional Park, penye mteremko wa kushushia boti kwenye mto Potomac. Ukienda kusini, chini ya mwendo wa saa moja kwa gari, unafika Burke Lake, ziwa la kutengenezwa la ekari 218 katika Kaunti ya Fairfax, ambako mota za petroli haziruhusiwi kabisa. Burke Lake, basi, betri ndiyo injini na ndiyo mafuta. Algonkian hali ni kali zaidi. Mto unakwenda, na ukiteremka nao unakutana na mabaki ya bwawa la zamani la mfereji wa C&O, kisha miamba ya Seneca. Mvuvi aliyeishiwa chaji katikati ya ziwa atapiga kasia hadi ufukweni, atachelewa chakula cha jioni. Aliyeishiwa chaji juu ya Seneca anashindana na maji yanayomvuta kwenye mawe.

Tuanze juu, pale lebo inapotaka tuanze. Kwenye betri za risasi, herufi kubwa kuliko zote husema MARINE, na karibu yake huchorwa wimbi, au samaki anayeruka. Neno na picha vinafanya kazi moja: kumhakikishia mnunuzi kwamba kitu hiki ni cha majini, kwa hiyo kinamfaa. Ila chini ya neno hilo hukaa vitu vilivyo mbali sana. Ipo betri ya kuwashia injini, yenye mabamba mengi membamba ya risasi, ili itoe umeme mwingi kwa sekunde chache kisha ipumzike. Ipo betri ya kazi ndefu, yenye mabamba machache na manene, yanayovumilia kutolewa chaji kwa saa nyingi na kujazwa tena, mara mia kadhaa. Na ipo ya katikati, inayojaribu kazi zote mbili. Zote tatu huvaa MARINE. Kichwa cha habari kinataja mahali na kunyamaza juu ya kazi, na mnunuzi anayefunga betri ya kuwashia kwenye mota ya umeme ataona mabamba yale membamba yakichoka katika msimu mmoja. Ukitaka kujua ni ipi kati ya tatu hizo, tafuta maneno deep cycle yakiwa yamesimama peke yake. Yakiongozana na starting, hiyo ni ya katikati.

Chini ya kichwa hufuata Group 24, Group 27 au Group 31. Msomaji huzipanga papo hapo kama madaraja ya ubora, na lebo haimkatazi. Kumbe ni vipimo vya kasha tu. Group 31 ina urefu wa milimita 330 hivi, upana 173 na kimo 240. Group 24 ina upana uleule na urefu wa 260. Namba hiyo inakwambia kama betri itaingia kwenye kisanduku chake ndani ya boti. Kwa betri za risasi, kasha kubwa kwa kawaida hubeba risasi nyingi zaidi, kwa hiyo dhana ya madaraja haiko mbali na ukweli, lakini kilichoahidiwa pale ni sentimita, na si zaidi.

Sasa twende kwenye namba iliyoandikwa kwa wino mnene, mara nyingi ndani ya nyota au duara la rangi: MCA. Tuchukue lebo ya Group 27 yenye MCA 750, namba ya kawaida kwa kasha hilo. Maana yake ni kwamba betri mpya, ikiwa kwenye nyuzi sifuri za Selsiasi, itatoa ampea 750 kwa sekunde 30 kabla volti zake hazijashuka chini ya 7.2. Ndugu yake, CCA, hupimwa vivyo hivyo kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Yasome tena masharti hayo ukiwa na mota ya umeme akilini. Nusu dakika. Sifuri. Ofisi ya utabiri wa hali ya hewa inayohudumia Washington nzima iko hapahapa Sterling, na siku inapotangaza sifuri mchana kutwa, maji tulivu ya Burke Lake yanaanza kuganda kingoni na boti nyingi zimefunikwa turubai uani. Mota ya umeme haihitaji ampea 750 hata kwa nukta moja. Namba kubwa kuliko zote kwenye lebo inaeleza tukio ambalo mnunuzi wetu hatakutana nalo maishani: kuwasha injini ya petroli asubuhi ya barafu.

Ukubwa wa herufi ni sehemu ya fani, na hapa fani imeamua msomaji ni nani. Lebo imeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye injini. Mwenye mota ya umeme amesimama dukani akisoma barua ya jirani, na namba zote zina maana, lakini haziko kwa ajili yake. Akilijua hilo, ataacha kuuliza ni namba ipi kubwa zaidi, atauliza ni ipi kati ya hizi inayomfaa ingawa haikuandikwa kwa ajili yake.

Ipo moja. Hukaa pembeni, au nyuma, kwa herufi ndogo: RC, na mbele yake dakika. Betri yetu ya mfano iwe na RC 160. Kipimo hiki husema betri mpya iliyojaa, kwenye nyuzi 27 hivi, itatoa ampea 25 mfululizo kwa dakika 160 kabla volti hazijafika 10.5. Historia yake inapendeza: kilibuniwa kumwambia mwenye gari ataendelea kusafiri kwa muda gani usiku, taa zikiwaka, iwapo jenereta ya gari imekufa. Hata namba bora kuliko zote kwa mvuvi ilizaliwa barabarani. Lakini ampea 25 ni nusu tu ya kile ambacho mota ya kawaida ya volti 12 hula ikiwa kasi ya mwisho, na ni karibu na kinachotumika ukisogea kwa mwendo wa wastani ukitupa ndoano kandokando ya magogo. Kwa bahati, kipimo cha gari bovu usiku kimekuwa kipimo cha boti nzima mchana.

Ipo na Ah, yaani ampea-saa, ambayo wengi wetu tunaifahamu zaidi, na ndiyo inayohitaji jicho kali kuliko zote. Lebo yetu inaandika Ah 109. Msomaji anagawanya: mota inakula ampea 50, kwa hiyo atapata saa mbili na zaidi. Hesabu ni sahihi, na jibu si kweli. Tazama kinachofuata baada ya Ah, kama kipo. Desturi ya betri za kazi ndefu ni kupima kwa saa 20, yaani betri ya Ah 100 imethibitishwa kutoa ampea 5 kwa saa 20, na hakuna kingine kilichoahidiwa. Zipo pia lebo zinazopima kwa ampea 1, hii yetu ya mfano ikiwemo, na huandika hivyo kwa herufi ndogo zinazokaribia kutosomeka. Kadiri unavyomwaga umeme wa betri ya risasi polepole, ndivyo inavyokupa mwingi zaidi. Kwa hiyo kupima kwa ampea 1 ni kuchagua mwendo utakaotoa namba nene kuliko zote, ilhali hakuna mota ya boti inayokwenda kwa ampea 1.

Mjerumani Wilhelm Peukert aliiandikia tabia hii kanuni mwaka 1897, na kanuni hiyo inatuwezesha kuihoji lebo kwa maneno yake yenyewe. RC 160 maana yake ampea 25 kwa dakika 160, yaani Ah 67 hivi. Betri moja, lebo moja, na tayari tuna Ah 109 upande wa mbele na Ah 67 upande wa nyuma. Hakuna aliyesema uongo. Kila namba ina mwendo wake. Ukizichukua hizo mbili ukaendelea na kanuni ya Peukert hadi ampea 50, unabaki na Ah 60 hivi, sawa na saa moja na dakika kumi na mbili. Na kwa kuwa betri ya risasi huishi muda mrefu ukiishia nusu ya chaji, dakika unazoweza kuzitumia kwa kasi ya mwisho bila kuidhuru ni 36 hivi. Kutoka saa mbili na ushei za mnunuzi hadi dakika 36 za mtoni: sehemu kubwa ya pengo hilo imejificha katika kile kilichoandikwa au kutoandikwa baada ya herufi mbili.

Nisiilaumu Ah kupita kiasi, kwa sababu mahali pengine ni msemaji mzuri. Ziwa Viktoria, kuanzia Mwanza hadi Mbita, wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza kwa taa, na taa za LED zinazotumia betri zimeingia mahali pa karabai. Betri zetu za Afrika Mashariki huitwa kwa namba fupi, N50, N70, N100, na fundi yeyote atakwambia N70 ni ya Ah 70. Ukiigawa kwa saa 20 unapata ampea 3.5, mzigo wa taa kadhaa za LED. Mvuvi wa dagaa anamwaga umeme wake polepole, usiku kucha, karibu kabisa na namna betri ilivyopimwa kiwandani. Kwake yeye namba ile inatimia. Ah ileile inayosema kweli Mwanza inampotosha mtu wa Sterling, bila kubadilika hata tarakimu, kwa sababu mmoja ana taa na mwingine ana mota. Mimi hii ndiyo sehemu ya andiko hili inayonivutia kuliko zote: ukweli wa namba unakaa nusu kwenye lebo na nusu kwenye boti ya anayeisoma.

Na boti nayo ina andiko lake, lililobandikwa kwenye mota. Linasema paundi 55, au 80, au 112. Minn Kota, jina lililounganisha Minnesota na North Dakota, imekuwa ikitengeneza mota hizi tangu 1934, na paundi za msukumo ndiyo lugha ya biashara yote hii. Kanuni ya madukani ni paundi 2 za msukumo kwa kila paundi 100 za boti ikiwa na watu na mizigo. Lakini paundi hupima nguvu ya kusukuma boti ikiwa imesimama. Hazisemi umeme unaoliwa. Kwa hilo lazima ufungue kitabu cha maelezo, mwishoni, kwenye jedwali. Humo mota ya paundi 55 ya volti 12 hula hadi ampea 50, ya paundi 80 ya volti 24 hadi 56, na ya paundi 112 ya volti 36 hadi 52. Jedwali hilo lina habari nzuri kuliko matangazo yote: msukumo umepanda maradufu na ampea zimebaki palepale. Anayeongeza betri kwa kuziunganisha mfululizo hapunguziwi dakika, anaongezewa nguvu. Hasara yake ni uzito. Betri ya risasi ya Group 31 ina kilo 30 hivi, na tatu zake ni sawa na kumpakia mtu mnene asiyeshuka, kwenye boti ya alumini ya futi 14. Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na ngamani ndimo betri zinamokaa. Ajabu ni kwamba uzito, ambao kwa betri ya risasi ni ushahidi mgumu kuughushi, ndio lebo nyingi huuacha. Ukiwa na betri mbili za aina moja na kasha moja, iliyo nzito zaidi ina risasi zaidi. Ziinue zote mbili.

Betri ya lithiamu imekuja na lebo ya mtindo mwingine. Hii ni ile ya chuma na fosfati, kemia iliyotokana na kazi ya kundi la John Goodenough katika Chuo Kikuu cha Texas miaka ya 1990. Mzee huyo alipata Nobel ya Kemia mwaka 2019 kwa mchango wake katika betri za lithiamu kwa jumla. Lebo ya betri hii haina samaki. Mara nyingi ni jedwali: volti 12.8, Ah 100, Wh 1280. Inasomeka kama risiti, na kwa kiasi kikubwa inastahili kuaminiwa kama risiti, maana betri hii haipungukiwi sana unapomwaga umeme kwa kasi. Ampea 50 kwa karibu saa mbili, kweli. Uzito, kilo 11 hadi 14. Niliipenda fani hii mara ya kwanza nilipoiona, na bado naipenda.

Hata hivyo ina mafumbo yake, na hayako mahali palepale. Kwanza, namba ya mizunguko: elfu nne, elfu tano, kwa rangi ya kijani. Masharti yake, yaani chaji inashushwa hadi wapi kila mzunguko na kwenye joto gani, mara nyingi yamo kwenye karatasi iliyo ndani ya boksi ambalo bado hujalifungua. Pili, baridi. Betri hii haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya sifuri, kwa sababu lithiamu hujipaka kama metali ndani ya seli na kuiharibu moja kwa moja. Nyingine zina kinga inayozuia chaji kwenye baridi, nyingine hazina, na lebo ya mbele haisemi. Kwa mtu wa Sterling anayeacha boti uani Januari huku chaja imechomekwa, kimya hicho kina bei.

Tatu ni namna inavyokwisha. Betri ya risasi hushuka taratibu. Mota inaanza kuvuta kwa uvivu, sauti ya propela inabadilika, na mvuvi mwenye sikio anageuza omo kurudi kabla mambo hayajaharibika. Lithiamu hushikilia volti zake karibu sawasawa tangu mwanzo, inakupa nguvu yote hadi dakika ya mwisho, kisha kinga yake ya ndani inakata. Kimya. Kwenye Burke Lake hilo ni usumbufu. Juu ya Seneca ni jambo la kuvaa jaketi la kuokolea maisha. Kipima-volti cha kawaida hakitakuonya, kwa sababu volti zenyewe hazishuki mapema. Kinachohitajika ni kipima chaji kinachohesabu ampea zinazotoka na zinazoingia. Hakuna lebo niliyosoma inayolitaja hili upande wa mbele, ingawa ndilo la kwanza ningemwambia ndugu yangu anayenunua.

Nirudi kwenye risasi kwa mambo mawili ya pembeni kabisa. Kwenye kona ya betri hubandikwa kiduara chenye herufi na tarakimu, A5 kwa mfano, yaani Januari 2025: herufi ni mwezi, tarakimu ni mwaka. Betri ya risasi iliyokaa rafuni miezi mingi bila kuchajiwa imeanza kuota chumvi ya salfeti kwenye mabamba yake, na namba zote za mbele zilihesabiwa ikiwa mpya. Kiduara hicho, kisichozidi sarafu, kinaweza kubatilisha ukurasa mzima.

Jambo la pili ni alama ya Pb, pipa la taka lililokatwa kwa mstari, na mishale inayozunguka. Hapa Marekani alama hiyo imepewa meno na pesa: unaponunua betri mpya unatozwa amana, na unarudishiwa ukileta betri kuukuu. Sisi tunajua alama hiyo inapokosa meno hugeuka nini. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi za betri kuukuu kilifanya kazi katikati ya makazi ya watu hadi 2014, na risasi ikaingia kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa humo, aliongoza mapambano yaliyompatia Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, na Mahakama ya Juu ya Kenya ikairejesha Desemba 2024. Hiyo ndiyo tafsiri kamili ya herufi mbili, Pb, na ndiyo sababu naona betri kuukuu iliyotupwa nyuma ya gereji ni aibu kubwa kuliko fedha iliyopotea.

Hukumu yangu, basi. Kwa Burke Lake, mwenye boti ya futi 14 na mota ya paundi 55, ambaye mfuko wake hauruhusu zaidi, betri moja ya risasi ya Group 31, ya kazi ndefu peke yake, yenye RC ya dakika 180 au zaidi na kiduara cha miezi michache iliyopita, inatosha asubuhi nzima ya mwendo wa pole. Kwa Potomac pale Algonkian nachagua lithiamu ya Ah 100 yenye kinga ya baridi, pamoja na kipima chaji, na siku inaanza kwa kupanda mto, ili chaji ikiisha maji yakurudishe ulikotoka. Na popote ulipo, kabla hujatoa kadi mfukoni, igeuze betri uisome kuanzia nyuma. Kama ni ya risasi na haina RC, wala haisemi Ah yake imepimwa kwa saa ngapi, iache hapohapo rafuni.